Kompresa Nilizokataa Kuzitilia Sahihi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae nje ya ofisi ya karani, kwa sababu kila mtu alidhani nimekuja kupiga taipu. Nilikaa kwenye benchi saa mbili nzima, nimevaa ovaroli mpya aliyonishonea mama yangu, barua ya kazi mkononi, na wote waliopita walinisalimia kwa upole wakaniambia mashine ya taipu italetwa baadaye. Hakuna aliyeniuliza ovaroli ni ya nini. Jina langu ni Rael Chepkorir. Nilikuwa nimemaliza kozi ya ufundi wa magari, na barua ilisema wazi kwamba nimeajiriwa sehemu ya magurudumu, katika gereji ya kampuni moja ya chai hapa Kericho. Nawaeleza haya mapema ili mjue kwamba hasira yangu haikuanza uzeeni.

Aliyeniondoa kwenye ile benchi ni Fundi Mkuu, Bwana Karanja, mtu mfupi mwenye viganja vipana. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakafungua duka pale Chepseon, naye alikua akicheza na watoto wa Kikipsigis mpaka akatushinda lugha yetu wenyewe. Alisoma barua, akaitazama ovaroli, akaniamkia, "Chamgei," kisha akanipa geji, yaani kile kipimo cha upepo wa tairi.

"Kuna malori kumi na moja ya majani hapo nje," alisema. "Pima kila tairi. Ukimaliza, uje uniambie ni gani inadanganya."

Nilipima mpaka saa saba mchana. Magoti yalikuwa yameloa, maana malori yalisimama kwenye matope. Niliporudi nilimwambia, "Fundi, sijaona tairi inayodanganya. Hii geji ndiyo inadanganya. Nimepima tairi moja mara tatu, imenipa majibu matatu."

Bwana Karanja akacheka, akatoa geji nyingine mfukoni. "Hiyo niliiangusha mwaka jana," alisema. "Wanaume wanne wameshanirudishia hesabu nzuri sana kutoka kwayo. Wewe kesho uje saa moja."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Upepo wa tairi tunaupima kwa pauni, yaani jinsi upepo unavyosukuma kila inchi ya mraba ya mpira kutoka ndani. Lori la majani lilitaka pauni nyingi, gari dogo la meneja lilitaka chache. Upepo huo tuliutoa kwenye kompresa kubwa ya gereji, yenye mota, mkanda, na tangi refu kama pipa lililolazwa. Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kufungua koki iliyo chini ya tangi na kutoa maji. Ndiyo, maji. Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, hewa yetu ina unyevu, na kompresa ikiikamua hewa hiyo, maji hubaki tangini. Usipoyatoa, yanaingia ndani ya matairi na kuzitia rimu kutu. Nimeona mafundi wenye vyeti vikubwa wasiojua koki hiyo iko wapi.

Nilikaa na Bwana Karanja miaka minane. Alinifundisha kitu ambacho hakikuwa kwenye kozi: kwamba mtu wa tairi hubeba watu asiowaona. Fundi wa injini akikosea, gari linazima na watu wanateremka wakimtukana. Mtu wa tairi akikosea, gari linaenda vizuri mpaka kwenye kona.

Kisha nilihamishiwa shamba la juu, lililopakana na msitu. Kule kulikuwa na yale magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, ambayo vijana wanayaita foobaifoo. Msimamizi wangu alikuwa Meneja wa Uchukuzi, mtu mrefu, mwenye kofia ya kahawia asiyoivua hata akila. Yeye aliamini kwamba tairi lina hali mbili tu, limejaa au lina pancha. Mimi nilikuwa nimeanza kuona kwamba dereva anayepunguza upepo kabla ya kuingia kwenye tope hupita, na asiyepunguza hubaki. Tairi lililojaa kabisa ni gumu na jembamba, linalikata tope na kuzama. Ukilishusha mpaka pauni kumi na nane hivi, linalala kidogo, unyayo wake unakuwa mrefu, linakanyaga tope badala ya kulichimba.

Lakini kuna sharti moja, na vijana naomba mlishike. Tairi lililoshushwa ni la mwendo wa pole na mahali palipo laini. Ukifika lami ni lazima ulirudishie upepo. Usipofanya hivyo, linajikunja na kujikunjua kila mzunguko, linapata moto, na kwenye kona linaweza kuchomoka kwenye rimu. Kwa hiyo anayetaka kushusha upepo lazima awe na njia ya kuurudisha palepale barabarani. Wakati ule tulikuwa na pampu ya mguu. Kujaza tairi moja la gari kubwa kwa pampu ya mguu ni kazi ya watu wawili wenye nguvu, na kulikuwa na matairi manne.

Nilimwomba Meneja wa Uchukuzi atununulie kompresa ndogo za kubeba, zinazotumia betri ya gari.

"Upepo unatiwa gereji, Rael," alinijibu. "Barabarani si mahali pa upepo."

Miezi miwili baadaye gari lake mwenyewe lilizama hadi tumboni kwenye njia ya kiwanda. Wachuma chai sita walilisukuma, wanawake wanne na wanaume wawili, wamevaa mifuko yao ya nailoni, huku yeye amekaa ndani na kofia yake akiwapigia honi. Nilipofika nilichutama nikatoa upepo kwenye matairi yote manne bila kumwomba ruhusa. Kisha nikamgongea dirisha nikamwambia, "Sasa ondoa, bwana, gia ya chini, usikanyage sana." Gari likatoka kama limeitwa. Mama mmoja kati ya wale wachumaji, uso wake wote matope, akaniuliza kwa Kikipsigis, "Kumbe ilikuwa rahisi hivyo? Na sisi je?" Wiki iliyofuata Meneja wa Uchukuzi aliniambia niende mjini nichague kompresa niitakayo. Hakusema pole kwa wale wachumaji. Mpaka leo hajasema.

Basi nilikwenda Kericho mjini nikiwa nimepakia gurudumu zima nyuma ya gari, nimelishusha hadi pauni kumi na nane. Muuzaji alishangaa. Alinionyesha kompresa yenye boksi zuri kuliko zote.

"Mama, hii inafika pauni mia moja hamsini!"

"Mimi nataka thelathini na tano tu," nilimwambia. "Nionyeshe itafika huko lini."

Hilo ndilo swali, na katika maisha yangu yote nimekutana na wauzaji wachache wanaolipenda. Pauni zilizoandikwa kwenye boksi zinakwambia kompresa inaweza kusukuma hadi wapi, pengine tairi la baiskeli. Hazikwambii inatoa hewa kiasi gani kwa dakika. Hewa hiyo hupimwa kwa lita, nayo kompresa ndogo ikishaanza kupambana na tairi lenye upepo ndani, lita zake zinapungua. Kwa hiyo usisome boksi. Leta gurudumu, shika saa.

Swali la pili ni kwamba inaweza kufanya kazi kwa muda gani kabla ya kupumzika. Kompresa ni pistoni ndogo inayosugua ndani ya silinda ndogo, inapata moto haraka. Nyingine hufanya kazi dakika kumi kisha zinataka nusu saa zipoe. Kwa gari dogo lenye pancha moja, sawa. Kwa matairi manne makubwa, hapana. Swali la tatu ni inakula umeme wapi. Ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara imefungwa na fyuzi nyembamba ya tundu hilo, haiwezi kamwe kuwa na nguvu za gari kubwa. Inayofaa ina nyaya nene zenye vibano viwili vya kushika betri yenyewe, na injini inabaki ikinguruma wakati wa kujaza ili betri isife. Baada ya hapo angalia kama mpira wa hewa unafika gurudumu la nyuma bila kuvutwa, na kama ina kichujio cha vumbi kinachofunguka, maana vumbi letu jekundu huua pistoni. Na geji iliyobandikwa juu ya kompresa usiiamini. Beba yako.

Siku ile nilijaribu kompresa tano. Nilichukua ya nne, nzito, mbaya kwa sura, rangi yake kama ya sufuria kuukuu. Ilijaza lile gurudumu kabla muuzaji hajamaliza kumhudumia mteja mmoja wa betri. Ilifanya kazi shambani miaka tisa.

Niliondoka kwenye chai nikiwa mtu mzima, nikaajiriwa Bomet na shirika moja dogo la kliniki za kuhamahama. Lilikuwa na magari matatu ya magurudumu manne. Yalikuwa yakienda vijijini na wauguzi, chanjo na dawa, na mara nyingi yalirudi yamebeba mgonjwa. Nilikuwa Msimamizi wa Gereji, na juu yangu alikuwapo Mkurugenzi, mtu wa sala na maneno machache. Kando yetu kulikuwa na Afisa wa Ununuzi.

Afisa huyu alikuwa msomi, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Sikuwa na ugomvi naye hata kidogo mpaka kompresa zetu za zamani zilipochoka. Niliandika ukurasa mzima. Nilieleza lita, nikaeleza muda wa kufanya kazi, nikaeleza vibano vya betri, nikaomba nipewe nafasi ya kujaribu kwa gurudumu kabla ya kununua. Niliupiga muhuri wa gereji nikaupeleka mezani kwake mwenyewe. Baada ya majuma matatu alikuja gereji akiwa na maboksi matatu.

Alizitoa moja moja. Zilikuwa nyekundu, zinang'aa, nyepesi kama themosi tupu. Kila moja ilikuwa na waya mwembamba na plagi ya tundu la sigara.

"Madam Rael," alisema akitabasamu, "wewe uliandika pauni thelathini na tano. Hizi zinafika mia moja hamsini. Nimekupita mara nne."

"Sikuuliza zinafika wapi, bwana. Niliuliza zinafika lini. Na vibano vya betri viko wapi?"

"Hakuna haja ya vibano. Dereva anachomeka akiwa ndani, hafungui hata boneti. Ni za kisasa."

"Ulisoma ule ukurasa wangu?"

Akatazama saa yake. "Tia sahihi, mama. Magari yanangoja."

Sikutia. Akavuta karatasi upande wake akatia sahihi yake mahali palipoandikwa jina la cheo changu, akaondoka akipiga mluzi. Niliandika kwenye daftari la gereji: "Kompresa tatu zimepokelewa. Gereji haijazikubali." Nilijiona shujaa. Lakini jioni ile niliziweka kwenye magari, moja kwa kila gari, kwa sababu hapakuwa na nyingine na kliniki ilikuwa haisimami. Niliwaonya madereva kwamba ni dhaifu, basi. Nimekasirikia watu wengi katika habari hii, nami nimo kwenye orodha.

Dereva wetu wa barabara ya Mulot aliitwa Joel. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwangalifu kiasi cha kuudhi, anayepangusa taa za gari kwa leso yake. Msimu wa mvua ndefu alitumwa na muuguzi, Sista Gladys, kwenye kijiji kilicho ndani zaidi ya Mulot, ambako udongo wa mashamba ya ngano ukilowa unashika gurudumu kama unga wa ugali. Huko walimkuta mwanamke anayeitwa Chebet. Alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, mtoto hashuki, na damu imeanza kuja. Sista akasema hapa si pa kungoja, twende hospitali Bomet.

Joel alishusha upepo hadi pauni kumi na nane, kama nilivyomfundisha, akapita mahali ambapo trekta mbili zilikuwa zimelala. Nataka hilo likumbukwe. Alifika lami yapata saa tisa alasiri. Akachomeka kompresa nyekundu, akaanza na matairi ya nyuma, kwa kuwa ndiko uzito uliko. Kisha akanipigia simu.

"Madam, hii kitu imekufa."

"Kwani umefanya tairi ngapi?"

"Mbili. Imetoa moshi kwa ya tatu. Nimebadilisha fyuzi, imekula hiyo pia. Zile za mbele ziko chini kabisa, na huyu mama hayuko poa."

Nilimsikia Sista Gladys nyuma yake akisema, "Joel, twende! Joel, anapoa mikono!"

Kulikuwa na gari lingine letu, lakini lilikuwa upande wa Sotik. Nilifikiri kwa muda wa pumzi mbili. Nikamwambia, "Enda. Lakini polepole, usipite thelathini. Kwenye kona punguza hata zaidi." Maneno hayo ni yangu. Niliyasema nikiwa nimekaa kwenye kiti changu gereji, nikiwa mkavu.

Alienda thelathini kwa muda. Kisha Chebet akaacha kujibu akiitwa, na Joel akakanyaga mafuta. Kwenye kona moja tairi la mbele la kushoto likachomoka kwenye rimu, gari likavuka barabara na kuingia mtaroni. Sista Gladys alivunjika mkono. Dereva wa lori la mahindi alisimama, wakambeba Chebet na shuka lake wakamweka mbele kwenye lori. Alifika hospitali akiwa hai, akapasuliwa, akaokoka. Mtoto hakuokoka. Nilimuuliza daktari kama ule muda waliopoteza ndio uliomuua. Akaniambia hawezi kusema ndiyo, na hawezi kusema hapana.

Sasa ndipo niwaambie kilichofanyika ofisini. Juma moja baadaye Joel alipewa barua ya kusimamishwa kazi kwa kuendesha gari kwenye lami na matairi yasiyo na upepo. Kamati ikaitwa: Mkurugenzi, mweka hazina, mzee mmoja wa kanisa, na Afisa wa Ununuzi. Naam, naye aliketi upande wa waamuzi, kalamu zake mbili mfukoni! Alisoma kitabu cha maelekezo ya gari kwa sauti, ukurasa unaosema ni hatari kuendesha gari likiwa na upepo mdogo, kana kwamba Joel alikuwa hajui. Joel alisimama amekunja mikono nyuma, hakujitetea. Nilikuwa nimebakisha miezi saba nistaafu.

Nikasimama. "Mimi ndiye nilimwambia aende," nilisema. "Kama mnaandika barua, andikeni mbili."

Mkurugenzi akaniambia, "Kaa, Mama Rael, hatujafika kwako."

"Mmefika, bwana. Na kabla hamjaandika, tokeni nje dakika kidogo."

Sijui walinifuata kwa nini. Labda kwa sababu sikuwa nimewahi kupaza sauti pale. Nilikuwa nimeegesha gari la pili uani, matairi yote nimeyashusha hadi pauni kumi na nane. Nikamwomba Mkurugenzi ashike saa yake. Nikachomeka kompresa nyekundu ya gari hilo, ndugu ya ile ya Joel, kwenye tundu la sigara, injini ikinguruma, nikaanza na tairi la nyuma la kulia.

Ilitetema chini kama kuku anayeoga vumbi. Tulisimama. Dakika tisa. Geji ya kompresa ikasema thelathini na tano. Nikampa mzee wa kanisa geji yangu akapima mwenyewe.

"Ishirini na saba," akasema. Akapima tena. "Ishirini na saba."

Tukaenda tairi la pili. Dakika kumi na mbili, maana ilikuwa imechoka. Silinda ilikuwa na moto kiasi kwamba mweka hazina aliigusa akarudisha mkono haraka. Kwenye tairi la tatu haikumaliza dakika moja. Ilinguruma, ikanuka plastiki ya kuungua, fyuzi ikakatika, kimya. Matairi ya mbele yalikuwa yamelala vilevile. Nikachukua boksi, nikampa Afisa wa Ununuzi, nikamwonyesha maandishi madogo ya chini.

"Soma kwa sauti kama ulivyosoma kile kitabu," nilimwambia.

Akasoma taratibu: kwamba isifanye kazi zaidi ya dakika kumi, ipumzishwe dakika thelathini. Kisha akainua uso. "Basi dereva angengoja ipoe."

"Nusu saa baada ya kila tairi? Na mama anavuja damu ndani ya gari?"

"Mimi si fundi, Madam."

"Hukuwa fundi pia siku ile ulipotia sahihi mahali pa fundi!"

Nililetewa daftari la gereji, nikawafungulia ukurasa. Mzee wa kanisa alisoma ule mstari wangu, akaniuliza swali ambalo halijaniacha: "Na kama ulijua, kwa nini uliziweka kwenye magari?" Nilimjibu kwamba nilikosea. Hakuna mwingine aliyesema neno hilo siku ile.

Mnategemea haki sasa. Joel alifutiwa barua. Aliandikiwa nyingine inayosema ajali ilitokana na "hali ya vifaa", kana kwamba vifaa vilijinunua. Kompresa nzuri zikanunuliwa, nikazijaribu mwenyewe. Afisa wa Ununuzi hakuulizwa chochote kwa maandishi, na kabla mwaka haujaisha alipata kazi kubwa zaidi mahali pengine, akaagwa kwa keki. Joel hakurudi. Alinijia gereji kuniaga, akanirudishia geji niliyompa. "Kongoi, Madam," alinishukuru. "Lakini hiyo barabara siwezi tena. Nikifika ile kona mguu unakataa." Sasa anaendesha gari la maziwa upande wa Chepseon.

Nilipostaafu nilipewa blanketi, saa ya ukutani, na nafasi ya kusema. Waliniomba niseme jambo la kuchekesha kuhusu mwanamke kwenye gereji. Niliwaomba ile kompresa iliyoungua mbele ya kamati, kwa sababu ilikuwa imewekwa kwenye takataka za chuma. Walicheka wakanipa.

Siku hizi vijana wananitumia picha kwenye simu. "Kogo, hii ni poa?" wananiuliza mimi bibi yao, na picha ni ya kitu chekundu kinachong'aa chenye namba kubwa. Ninawauliza gari lako ni lipi, unaenda barabara gani, umebeba nani. Wengine hunyamaza, kwa kuwa walitaka niseme ndiyo tu. Sichoki kuwauliza, na sichoki kukasirika. Watu huniambia nimestaafu, nipumzike, mambo ya vyuma yasinipandishe presha. Lakini nimeona jinsi uzembe unavyovaa shati safi na kuitwa utaratibu, na nimeona jinsi anayeendesha gari ndiye huulizwa. Kama ninyi mtakaa ofisini siku moja na kuletewa karatasi ya kutia sahihi kwa kitu msichokijua, nendeni mkamwite anayekijua. Na kama ninyi ndio mnaokijua, msiandike kwenye daftari kisha mkakaa. Katalieni kitu chenyewe kisitoke.

Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilisafiri hadi Mulot, nikapanda bodaboda mpaka kwa Chebet. Nilikuwa nimeuliza ofisini kama kuna mtu aliyewahi kwenda kumweleza kilichotokea. Walisema sala ilifanywa.

Nilimkuta akitandaza mahindi juani. Alinikaribisha, akanipa mursik, yale maziwa yetu ya mgando, akakaa mbele yangu. Nilimwambia yote: mimi ni nani, niliandika nini, niliweka nini garini, nilimwambia nini dereva kwenye simu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Mimi nilidhani ni tope tu. Mume wangu husema ni Mungu na tope." Kisha akauliza hicho kitu kinafanana vipi.

Nilikuwa nacho kwenye kikapu. Nikakitoa nikampa. Alikiinua kwa mkono mmoja, akakigeuza, akavuta ule waya mwembamba mpaka mwisho.

"Hii tu?" alisema.

"Ndiyo. Hii tu."

Akaiweka chini katikati yetu, mbali na mahindi, na kwa muda mrefu hakuna hata mmoja wetu aliyeigusa.